Shule yetu ndogo haina ziada ya mwalimu

Ndugu Mhariri,

Ile taarifa yenu kuhusu shule za msingi zenye wanafunzi wachache imenikera. Mwandishi wenu kaandika kwamba shule hizi zinashika mkia kwa sababu sisi wazazi wa vijijini hatuna mwamko wa elimu, kisha akaipokea bila swali kauli kwamba dawa ni kuzifunga na kuwahamishia watoto kwenye shule kubwa zilizo kando ya barabara. Nimekuwa msomaji wa gazeti hili kwa miaka mingi, na mengi nimeyaacha yapite. Hili siwezi kuliacha.

Mimi ni mkulima wa korosho mkoani Lindi na mjumbe wa kamati ya shule. Shule yetu ilianza kama shule shikizi, yaani tawi la shule kubwa iliyo mbali, ile tunayoiita shule mama. Watoto wa kitongoji chetu walikuwa wakienda shule mama kwa njia ya porini inayokatisha korongo. Masika korongo likijaa, hawaendi. Kiangazi tembo wakishuka mashambani, hawaendi pia. Ndipo wazazi wakafyatua tofali na kuzichoma wenyewe, akina mama wakasomba maji na mchanga kichwani, tukapandisha kuta mpaka kwenye lenta, serikali ikaja kumalizia paa. Msimu wa korosho ukifika, tunakubaliana kwenye mkutano wa kijiji tukatwe kiasi gani kwa kila kilo ili yapatikane madawati na matundu ya choo. Leo anakuja mtu kutuambia hatujali watoto wasome. Angeuliza basi kuta zile kazijenga nani.

Sasa nieleze kinachoiangusha shule yetu, kwa sababu taarifa yenu haikukigusa kabisa. Walimu wanapangwa kwa uwiano wa mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Kwa shule yenye watoto elfu moja na zaidi, hesabu hiyo ina mantiki. Sisi kuanzia darasa la kwanza hadi la saba tuna watoto 135. Gawanya kwa 45, unapata walimu watatu. Madarasa ni saba, na bado hujawagusa watoto wa awali.

Tulikuwa na walimu wanne. Muhula wa kwanza wa mwaka juzi, mwalimu aliyekuwa akishika darasa la kwanza na la pili akaandikiwa barua kwamba anahamishiwa shule nyingine kwa ajili ya msawazo wa walimu, yaani kuwatoa wanakozidi na kuwapeleka wanakopungua. Kamati ikakaa, ikaandika muhtasari, ikanituma mimi na mwenyekiti wetu kwenda ofisini kulilia mwalimu yule abaki. Ofisa tuliyemkuta alitusikiliza, akachukua kikokotoo, akagawa 135 kwa 45, akatugeuzia tusome wenyewe. Tatu. Akasema shule yetu ina walimu wanne wakati ikama yake, yaani idadi ya walimu inayostahili kupewa, ni watatu, kwa hiyo tuna ziada ya mwalimu mmoja, na aliyehamishwa ndiye huyo wa ziada. Mwenyekiti akamuuliza, katika madarasa saba, yule wa ziada alikuwa wa darasa lipi? Akajibu kwamba uwiano hauangalii madarasa, unaangalia wanafunzi. Sisemi alikuwa mtu mbaya. Alifuata kanuni aliyopewa, akagonga mhuri kwenye nakala yetu ya muhtasari, tukatoka. Mwenyekiti wangu ni mtu mzima mwenye wajukuu, na njia nzima ya kurudi hakusema neno.

Mhariri, ziada gani hiyo? Mwalimu mkuu ni mmoja wa hao watatu waliobaki. Ana vipindi vyake, ana takwimu za kujaza kwenye mfumo na mtandao haushiki mpaka apande mlimani, ana vikao vya kata, ana semina, ana wageni wa kupokea, ana fedha za ruzuku za kuandikia taarifa. Siku anapokwenda wilayani, shule inabaki na wawili. Mmoja wao akishikwa na malaria, au akienda kufuatilia madai yake na daraja lake ambalo halijapanda, anabaki mtu mmoja na watoto wote wale. Asubuhi moja nilipeleka mahindi ya uji, nikamkuta msichana wa darasa la saba amesimama mbele ya darasa la pili na kijiti mkononi, anawaongoza kusoma silabi ubaoni. Na alikuwa akiwafundisha vizuri, watoto walikuwa wanamfuata. Lakini Septemba ile alikuwa na mtihani wa taifa wa kumaliza shule ya msingi, na saa ile ilikuwa ya Hisabati kwa darasa lake. Wenzake walikuwa wamekaa wenyewe, wamefungua madaftari, wananakili maswali ya zamani yasiyo na mtu wa kuyasahihisha. Matokeo yakitoka, watoto hawa hawa wanapangwa kwenye mstari mmoja na wa shule ambazo kila somo lina mwalimu wake. Shule yetu inawekwa chini kabisa kwenye kikao cha tathmini, mwalimu mkuu anasimamishwa mbele za watu ajieleze, na mwishowe taarifa inafika gazetini kwamba wazazi hawana mwamko! Msichana yule hakufaulu. Mama yake anauza vitumbua ili amnunulie madaftari, na ni kwake huyo mama ambako mwandishi wenu alipaswa kwenda kuuliza habari za mwamko.

Kwenye fedha nako hesabu ni ya vichwa. Elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016 nilishangilia kwa dhati, na mpaka leo naiunga mkono, kwa sababu nawajua watoto waliokuwa wakirudishwa nyumbani kwa ajili ya michango. Ruzuku iliwekwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, 4,000 zikibakizwa kwa ajili ya vitabu na 6,000 zikienda shuleni. Kwa watoto wetu 135 hiyo ni shilingi 810,000 kwa mwaka mzima, ikifika yote. Shule ya mjini yenye watoto 1,350 kwa hesabu hiyo hiyo inapata milioni 8.1. Upepo ukiezua bati, fundi hatupunguzii bei kwa sababu sisi ni wachache. Chaki, karatasi za mitihani ya majaribio, kitasa cha mlango wa stoo, nauli ya mwalimu mkuu, vyote tunalipa bei ile ile, na kwetu huku mara nyingi ni zaidi, maana kila kitu kinakuja kwa bodaboda kutoka mjini.

Nikumbushe pia mwaka 2021, fedha za kukabiliana na athari za UVIKO-19, shilingi trilioni 1.3. Madarasa 15,000 yalijengwa nchi nzima, na 3,000 kati ya hayo yalikuwa ya shule shikizi. Kwetu vilikuja vyumba viwili, vizuri, vina sakafu ya saruji na madirisha ya vioo, na tulimpongeza kila aliyehusika. Mwalimu wa kuingia mle hakuja. Chumba kimoja leo kinahifadhi mahindi ya uji.

Halafu hilo la kuziunganisha. Hivi waliolisema wanajua nini kinawapata watoto wetu wakishamaliza darasa la saba? Sekondari yetu ya kata iko mbali kiasi kwamba mtoto hawezi kwenda na kurudi kwa siku, hosteli haina, kwa hiyo wanapanga vyumba mitaani. Msichana wa miaka 14 anapika mwenyewe, analala kwenye chumba ambacho mlango wake unafungwa kwa kamba, unga ukiisha kabla ya mzazi kupata nauli anakuwa mateka wa yeyote mwenye shilingi elfu mbili. Shule za kata zilijengwa kwa kasi tangu mwaka 2004, na zimewapa nafasi maelfu ya watoto ambao zamani wangeishia la saba, hilo silipingi. Lakini hosteli zimesubirishwa miaka yote hii. Tangu Novemba 2021 wanafunzi waliojifungua wameruhusiwa kurudi shuleni, uamuzi niliouombea. Mabinti zetu wangelala mahali penye mlinzi na matroni, wangapi wasingefikishwa huko? Sasa watu wanataka na mtoto wa darasa la kwanza naye aingizwe kwenye safari hizi, apite korongo lile lile tulilolikimbia tulipojenga shule.

Mimi nilisoma enzi za UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote, baada ya Azimio la Musoma la 1974. Baadhi ya walimu wetu walikuwa vijana waliomaliza darasa la saba juzi tu, wakapewa mafunzo huku wanafundisha. Walikuwa na upungufu wao. Lakini shuleni kwetu kila darasa lilikuwa na mtu wake, anayejua jina lako na jina la baba yako, na nchi wakati huo ilikuwa maskini kuliko sasa. Leo vijana wenye vyeti na shahada za ualimu wanauza vocha mjini wakisubiri ajira, na Sera ya Elimu ya 2014, toleo la 2023, inasema elimu ya lazima iwe miaka 10. Hiyo miaka 10 kwetu ianzie kwa nani, ikiwa la kwanza halina mwalimu?

Ninachotaka kifanyike nakisema wazi. Shule yenye watoto chini ya 315, yaani 45 mara madarasa saba, ikama yake ihesabiwe kwa madarasa: walimu saba na mmoja wa awali, basi, bila kikokotoo. Kila shule, hata iwe na watoto 60, ipewe kwanza shilingi milioni tatu za kuendeshea mwaka, ndipo vichwa vianze kuhesabiwa. Mwalimu asiondolewe kijijini, iwe kwa msawazo au kwa uhamisho alioomba mwenyewe, mpaka wa kumrithi awe amesaini kitabu cha mahudhurio. Na nyumba. Walimu wetu wanaishi vyumba vya kupanga visivyo na dari, halafu tunashangaa wanaomba kuhama. Kamati yetu iko tayari kufyatua tofali za nyumba mbili mwezi Julai, kabla watu hawajazama kwenye korosho. Halmashauri ilete saruji, bati, sola ya taa tatu na tangi la lita 5,000. Kazi ya mikono iachwe kwetu.

Kwa gazeti lenu nina maombi mawili. Mtumeni mwandishi kijijini Januari shule zinapofunguliwa, asingoje siku ya mahafali ambayo kila kitu kimepakwa chokaa, aketi darasani kuanzia kengele ya kwanza mpaka ya mwisho. Pia lipelekeni TAMISEMI, ofisi inayosimamia serikali za mitaa na shule zetu hizi, swali hili na mlichapishe jibu lake: katika shule yenye madarasa saba na walimu watatu, wale watatu wakishaingia kila mmoja darasani kwake, yale manne yaliyobaki yanafundishwa na nani?

Mjumbe wa kamati ya shule,
Lindi