Mjomba, kabla hamjapitisha ile katiba ya shamba

Shikamoo mjomba.

Ile rasimu ya katiba uliyonitumia wiki iliyopita niliisoma usiku nikiwa kazini, mzee ninayemhudumia alikuwa ameshalala, nikaisoma mara ya kwanza, nikairudia, ya tatu nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi. Shamba mmepata zuri. Bagamoyo, upepo wa bahari, walimu kumi na nane mliofundisha pamoja miaka yote ile, kila mtu na kiwanja chake, bustani, zahanati ndogo, sehemu ya kuchezea bao jioni. Nimefurahi kwa kweli, maana najua mlivyohangaikia mafao na najua kile kikokotoo cha kupigia hesabu ya pensheni kilivyowabana, na mtu anayepokea kiinua mgongo akakipeleka kwenye ardhi kabla ndugu hawajaanza kupiga hodi, huyo namheshimu sana. Ila kile kipengele cha nne, cha kwamba asiishi humo mtu yeyote chini ya miaka 50 isipokuwa mfanyakazi, kimeninyima usingizi mjomba. Naiweka barua hii wazi ili na wenzako waisome.

Mmeandika kwamba mmeiga Marekani. Basi mimi niko huku huku mlikoiga, tena karibu kabisa na pale jambo lenyewe lilipoanzia, kwa hiyo ngoja nikusimulie.

Nafanya kazi Sun City, kaskazini magharibi mwa Phoenix, Arizona. Asubuhi nikimaliza shifti napita mji mdogo unaopakana nao unaitwa Youngtown, ukilitafsiri jina ni kama kusema mji wa ujana. Ulianzishwa 1954 na dalali mmoja wa nyumba, Ben Schleifer, mhamiaji aliyezaliwa Urusi. Alinunua ranchi jangwani, akajenga vijumba vidogo vya bei nafuu kwa ajili ya wastaafu peke yao, watu wenye pensheni ya kawaida kama yako, wamiliki nyumba yao wenyewe, wapande maua yao, wasiishie kwenye nyumba za kutunzia wazee wakapangiwa saa ya kula na saa ya kulala. Hilo wazo mimi silibezi hata kidogo. Huko nyumbani tunapenda kusema wazungu wanatupa wazee wao, na mimi nilikuja na maneno hayo hayo mdomoni, ila hawa ninaowahudumia wengi hawakutupwa na mtu, walifunga virago wenyewe kutoka kwenye baridi ya kule juu wakaja kwenye jua kwa hiari yao, walitaka uhuru. Kama nyie.

Na kuna kitu kitakugusa wewe kama mwalimu. Hiki chama kikubwa cha wazee wa Marekani, AARP, tawi lake namba moja lilianzishwa hapo hapo Youngtown. Aliyeanzisha chama chenyewe 1958 ni mwanamama Ethel Percy Andrus, mwalimu mkuu mstaafu wa California. Kabla ya hapo, 1947, alianzisha chama cha walimu wastaafu, na chama chenyewe kinasimulia kwamba kilichomuuma ni kumkuta mwalimu mwenzake mstaafu anaishi kwenye banda la kuku kwa sababu pensheni ilikuwa haitoshi. Nilipoisoma hiyo habari nilikukumbuka wewe na yule rafiki yako aliyefariki kwenye chumba cha kupanga.

Youngtown ikawa mji kamili mwaka 1960. Mwaka huo huo, Januari mosi, tajiri wa ujenzi Del Webb akafungua Sun City pale jirani, kwenye mashamba yaliyokuwa ya pamba, na siku zile za ufunguzi watu kama laki moja walikuja kutazama, foleni ya magari barabara nzima. Sun City ikawa kubwa, leo ina watu karibu elfu 40, viwanja vya gofu, mabwawa ya kuogelea, wazee wanaendesha vile vigari vya gofu mpaka dukani, mjukuu anaruhusiwa kuja kutembea kwa siku za kuhesabu kwa mwaka alafu aondoke. Mpaka leo sio manispaa, haina meya, iko chini ya kaunti. Youngtown yenyewe ikabaki ndogo, ya watu wa kipato cha chini, kila mtu anamjua mwenzake.

Sasa sikiliza hii maana ndio iliyonitoa nje usiku ule. Mwaka 1996 hapo Youngtown kijana wa miaka 16 alikuja kuishi kwa babu na bibi yake, kwao alikotoka hali ilikuwa mbaya. Mji ukasema hapana, sheria ya umri hairuhusu, atoke. Babu na bibi wakakataa kumtoa. Ikawa mvutano, barua, faini, mpaka ikafika ofisi ya mwanasheria mkuu wa jimbo, na kufikia 1998 ile marufuku ya umri ikaanguka. Mji wa kwanza wa wastaafu peke yao, miaka 44 baada ya kuanzishwa, ukafunguka kwa sababu ya mjukuu mmoja ambaye bibi yake hakukubali kumfukuza.

Mjomba, mimi nilikuja kwako nikiwa darasa la sita. Mama alikuwa ametoka kuzikwa, sikumaliza hata arobaini, ukaja na basi la usiku ukanichukua na begi moja. Hukumuuliza mtu. Shangazi akanitandikia godoro kwenye kile chumba cha uani na kesho yake asubuhi nikaenda shule na watoto wako. Kama ungekuwa unaishi kwenye shamba lenye kipengele cha nne mimi ningepelekwa wapi?

Na usiseme wewe umeshazeeka na mambo hayo yamepita. Una wajukuu saba. Unazijua familia zetu, leo mtu anafanya kazi Mwanza kesho kahamishwa, ndoa zinavunjika, watu wanafariki vijana. Mtoto atakuja tu, atashushwa na bodaboda getini, na siku hiyo kamati yenu itakaa kumpigia kura mtoto wa mtu.

Baada ya 1998 mji haukufa. Sensa ya 2000 walihesabiwa watu 3,010, ya 2010 wakawa 6,156, ya 2020 wakafika 7,056. Nyumba mpya zilijengwa, familia changa zikaingia, watu wa kila aina. Kuna wazee waliolalamika, na nawaelewa, mtu amenunua utulivu alafu anasikia mipira ukutani. Ila mimi nikipita asubuhi naona basi la shule limesimama na mzee anamwagilia maua yake hatua tatu kutoka pale, nikilinganisha na mtaa niliotoka kazini sasa hivi ambao hakuna sauti yoyote isipokuwa mashine za eyakondishini, najua mimi ningechagua wapi.

Sun City yenyewe ilikuwa ndani ya wilaya moja ya shule na mji jirani wa Peoria, yaani shule zao waliziendesha na kuzichangia pamoja, na wazee wakawa wanakataa kwa kura mikopo ya kujengea madarasa, mwaka baada ya mwaka, mpaka katikati ya miaka ya 70 wakatolewa kwenye hiyo wilaya. Waliona shule haiwahusu. Nyie kumi na nane mmeshika chaki maisha yenu yote, sitaki mfike mahali shule ya kijiji cha jirani iwe haiwahusu.

Alafu kuna jambo ambalo wakati wa kuchora ramani halionekani kwa sababu wote bado mna nguvu. Mtazeeka kwa pamoja. Mkiingia mna miaka 62, 65, raha tupu. Miaka ishirini baadaye nani anamshika mwenzake akidondoka chooni? Mimi ndio ninayeitwa usiku huku, mimi na Wakenya na Wakongo na Wafilipino, tunaendesha gari kutoka mbali kuja kuwaogesha watu ambao majirani zao wote nao wanasubiri kuogeshwa. Nawapenda wazee wangu, kuna bibi mmoja ana miaka 91 ananiita mwanangu na mimi naitika. Ila akiamka saa nane usiku anayeitikia ni mtu aliyelipwa. Bagamoyo mtamlipa nani, na kwa pensheni ipi?

Sheria ya huku, ile ya 1995, hata kwa miji ya wazee inataka nyumba 80 kati ya kila 100 ziwe na angalau mtu mmoja wa miaka 55 na kuendelea. Mtu mmoja tu. Waliobaki ndani ya nyumba sheria hiyo haiwagusi, ni miji yenyewe inayoongeza masharti yake ya kuzuia watoto. Kwa hiyo hata nyie mnaweza kuandika kwamba mwenye kiwanja awe mstaafu na mkaishia hapo.

Naomba mambo machache mjomba. Kipengele cha nne kifutwe, au mkiandike upya hivyo nilivyosema. Viwanja viwili vitatu muwape walimu vijana au nesi kwa bei ya chini, wakae humo na watoto wao. Milango iwe mipana kiti cha magurudumu kipite, choo kiwe ndani, ngazi msiweke kabisa hata kama fundi atasema nyumba inapendeza ikiinuliwa. Na kwenye ramani ya nyumba yako nimeona chumba kimoja na sebule. Ongeza cha uani. Matofali yake nitalipa mimi, nimeshaanza kuweka hela ya ovataimu pembeni, nikija Desemba tutakaa na fundi.

Msalimie shangazi, mwambie lile godoro bado nalikumbuka.

Mpwa wako