Thabeet hakuangushwa na uvivu

Mhariri,

Kwenye baraza za hapa Malindi, Hasheem Thabeet, Mtanzania aliyecheza NBA, ligi kuu ya mpira wa vikapu ya Marekani, bado anaitwa mvivu. Mwaka 2009, timu za NBA zilipochagua chipukizi kwa zamu, Memphis walimchagua wa 2, James Harden akawa wa 3 na Stephen Curry wa 7, nao wakaja kuwa nyota, basi lawama haziishi. Lakini tazameni kazi yenyewe. Chuoni Connecticut aliweza kusimama chini ya kikapu akipangua mipira. Katika NBA, mlinzi asiyemkaba mtu akizidisha sekunde 3 pale, wapinzani hupewa mtupo huru mmoja na mpira hubaki kwao. Ikabidi atoke, ainame, awafuate vijana wepesi. Mwili wa futi 7 na inchi 3 hauendi hivyo. Greg Oden, mchezaji mwingine mrefu aliyechaguliwa wa 1 mwaka 2007, ni habari nyingine: yeye aliangushwa na magoti. Alicheza mechi 105 tu za NBA.

Mpenzi wa mpira wa vikapu,
Malindi