Shukrani kwa mzee wa kofia nyeusi

Mzee wangu, jina lako sikulishika, ila shukrani nakupa hadharani. Sisi tuliotoka Afrika Mashariki tukaingia jeshi la Marekani, habari ya kupungukiwa nguvu za kiume hatuitamki hata mbele ya daktari. Wewe uliitaja kama mafua, tena kwa sauti!

Dai langu la fidia ya tatizo hilo, nililopeleka Idara ya Maveterani ya Marekani, lilikuwa limekataliwa. Uliipitia barua ile kwa kalamu nyekundu, ukazungushia sentensi moja: hakuna uthibitisho wa uhusiano na utumishi jeshini. Ukanieleza kwamba tatizo hili huweza kudaiwa kama tokeo la ugonjwa ambao idara imekwisha kukubali kuwa umetokana na jeshi. Kwangu ni sonona, na dawa zake ninazomeza tangu nirudi kutoka vitani. Daktari aandike kuwa uwezekano wa tatizo kutokana na ugonjwa huo au dawa zake ni angalau nusu kwa nusu, kisha fomu namba 20-0995, ile ya kurudisha dai kwa ushahidi mpya, iende na barua hiyo ya daktari kabla ya kutimia mwaka mmoja tangu dai likataliwe. Ukanitahadharisha kwamba asilimia ya ulemavu wanayokupa kwa tatizo hili huenda ikawa sifuri, nisivunjike moyo, kwani yapo malipo maalumu ya kila mwezi, yale ya herufi K, ya aliyepoteza matumizi ya kiungo cha uzazi.

Ikawa hivyo hivyo. Senti yangu hukupokea, hata chai ulikataa. Mke wangu anakusalimu sana.