Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mwaka wa Ngome

Ndugu wanachama,

Assalaam aleikum. Nianze na machache. Hesabu atazisoma mweka hazina. Vikao vyetu vya Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani ambamo kila mmoja huigiza mhusika na dadu huamua mambo, vilisimama Ramadhani, vikarudi baada ya Idi. Dadu za pande 20 zimepungua. Mwenye nazo nyumbani tunamwomba azirudishe.

Sasa nije kwenye ngome tuliyoilinda mchezoni, kwa kuwa ndiko ulikoishia mwaka wetu karibu wote.

Sisi watu wa Lamu tunaiona ngome kila tupitapo Mkunguni. Ilijengwa kati ya 1813 na 1821, baada ya vita vya Shela, kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na hadi leo imesimama. Si ajabu kwamba kampeni, yaani hadithi yetu ndefu ya mchezo, ilipoanza, wachezaji wengi walitaka dhahabu yote ya mchezoni iingie ukutani: unenepeshwe, urefushwe. Nilipinga na bado napinga. Kwa kanuni za Dungeons & Dragons za 2014, ambazo ndizo tunazotumia, mchawi wa kiwango cha 9 (kiwango ni kipimo cha uwezo wa mhusika) anaweza kutoboa njia ya futi 20 ndani ya jiwe, ikakaa wazi saa nzima. Wa kiwango cha 5 haitaji hata kutoboa, anaruka juu. Ingieni ngome yetu ya Mkunguni, simameni uani, mtazame juu: mtajua mara moja adui angetua wapi.

Kilichonifurahisha ni kuona watu wasio na uganga wowote wakifanya kazi kubwa. Anayeruka kwa uchawi lazima auzingatie muda wote. Akipigwa mshale na dadu ikamkataa, uchawi unakatika naye anaanguka. Kwa hiyo wapiga mishale wa kawaida minarani walitufaa kuliko ukuta mnene. Asiyeonekana kwa uchawi naye bado ana miguu, na vijana waliomwaga chokaa kwenye ngazi walizifuata nyayo zake hadi chumbani.

Lakini ubishi mkubwa wa mwaka ulikuwa juu ya zindiko, uchawi wa kinga wa mhusika wetu kuhani. Hilo hufunga eneo la futi za mraba 40,000, kimo futi 30, asitokee mtu humo ghafla kwa uchawi kutoka mbali. Ladumu siku moja tu. Likirudiwa siku 30 mfululizo pale pale, linabaki. Je, kuhani akae ndani mwezi mzima, wenzake wakipigana nje? Wengi walisema atoke. Mchezaji wake, binti mdogo kuliko sote mezani, akakataa, akalirudia zindiko kila siku huku wengine wakipata sifa. Adui alifika mwezi haujatimia, akakuta uani hapatokeki. Ilimbidi aje langoni, walipokuwa watu wetu. Nampongeza mbele yenu nyote, na naomba kazi ya kulinda ihesabiwe ushindi sawasawa na kuua.

Penye upungufu ni mnara. Tuliujenga ukapita zile futi 30 tukihesabu kutoka sakafu ya ua, na wachawi wawili wakatokea kileleni, juu ya zindiko. Tuliwazuia kwa shida, na tukapoteza walinzi wazuri.

Kamati inapendekeza kampeni iendelee mwakani katika ngome hiyo hiyo. Leo mtapiga kura: mnara ukatwe, au kilele chake kipewe zindiko lake na kuhani wake. Mimi nataka ukatwe, na dhahabu itakayobaki ilipe wapiga mishale.