Manusura apewe kiti cha maamuzi kabla ya kipaza sauti

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu yako ya barua. Kila inapokaribia Julai 30, Siku ya Dunia ya Kupinga Usafirishaji Haramu wa Binadamu, waandaaji wa makongamano huanza kutafuta binti wa kusimulia yaliyompata. Anapewa dakika kumi, ukumbi unalia, anapigwa picha, anasaini posho, anarudishwa stendi. Usiku ule anaulala peke yake na kila kitu alichokifukua mchana. Tunaomba utaratibu huu ukome. Manusura wanahitajika kwenye vikao vinavyopanga kazi na fedha, walipwe kama wataalamu wengine, na huduma ya afya ya akili iwe imeandaliwa kabla hawajaombwa kusema neno.

Wanahitajika kwa sababu wanajua tusichokijua. Anayewatoa mabinti Kondoa, Mpwapwa au Manyoni kwenda Dar es Salaam kufanya kazi za ndani mara nyingi si mgeni. Ni shangazi, jirani aliyewahi kukaa mjini, au mama anayesali nao. Hutanguliza nauli, na nauli hiyo hugeuka deni: mshahara wa miezi ya kwanza unakatwa kuirudisha, simu inachukuliwa, na binti anaambiwa akitoka getini polisi watamkamata. Kuna nyakati mbili za kuangaliwa zaidi. Ya kwanza ni baada ya mtihani wa darasa la saba, Septemba. Ya pili ni Januari hadi Machi, ghala likiwa tupu huku uwele na mtama bado viko shambani, maana huku kwetu tunategemea msimu mmoja tu wa mvua. Kampeni ya Julai, wakati watu wamevuna, haimkuti mzazi katika wiki anayoshawishika.

Aliyepitia hayo atakwambia pia kwamba bango lililobandikwa kwenye mlango wa ofisi ya ustawi wa jamii halimfikii anayesafirishwa. Lingefaa zaidi ndani ya vyoo vya wanawake pale stendi ya mabasi ya Nanenane, hapa Dodoma, mahali pekee ambapo anayemsindikiza huenda asiingie naye. Atakwambia wakata tiketi na makondakta wafundishwe maswali matatu: unakwenda kwa nani, nauli kalipa nani, namba ya simu ya nyumbani unaijua kwa kichwa? Mtoto asiyeweza kujibu hata moja apelekwe Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, au ipigwe 116, namba ya bure ya Huduma ya Simu kwa Mtoto. Ushauri wa namna hii hautoki kwa mtu aliyepewa dakika kumi za kulia.

Nje, hili limeshaanza kufanyika kwa sheria. Marekani iliunda kwa sheria ya 2015 baraza la ushauri la manusura, liishauri serikali juu ya sera. Sisi tuna Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya 2008, tuna sekretarieti na kamati. Nafasi za manusura ndani ya vikao hivyo zinaweza kuwekwa bila kusubiri msaada wa mtu.

Sasa afya ya akili, maana hapa ndipo nia njema inapoumiza watu. Kiwewe huvuruga mpangilio wa kumbukumbu. Binti atakumbuka harufu ya chumba na sauti ya geti, akasahau mwezi. Akihojiwa na mtendaji, kisha polisi, kisha ustawi, kisha wakili, maelezo yatapishana, na kupishana huko huitwa uongo. Maelezo yachukuliwe vizuri mara moja, na ofisa aliyefunzwa, kisha ofisi nyingine ziyatumie kwa ridhaa yake.

Siku za mwanzo anahitaji usalama, chakula, usingizi na kuwasiliana na ndugu anayemwamini. Huduma ya kwanza ya kisaikolojia ina hatua tatu: angalia, sikiliza, unganisha. Kusikiliza maana yake asikilizwe akitaka kusema, asishurutishwe. Shirika la Afya Duniani halishauri kikao cha kumsimulisha mtu tukio zima mara baada ya mkasa, wala halishauri diazepamu, dawa ya kutuliza na kuleta usingizi, kwa dalili za mshtuko katika mwezi wa kwanza. Lakini diazepamu ndiyo hiyo watu wanamnunulia duka la dawa ili alale, na mwili ukishaizoea, kuiacha inakuwa ugonjwa wa pili.

Zikipita wiki nne na bado anashtuka usiku, anakwepa watu, au kumbukumbu zinamvamia mchana kweupe, apimwe kwa dodoso. Lile la maswali 20 ya ndiyo na hapana linaweza kusomwa kwa sauti na mhudumu wa zahanati. Wengi husaidika na mpango wa PM+ (Problem Management Plus) wa kukabili matatizo, uliotolewa na Shirika hilo la Afya 2016: vikao vitano, kimoja kwa wiki, cha dakika 90, kinachoongozwa na mtu asiye daktari aliyefunzwa na anayesimamiwa. Hufundisha kupumua polepole, kuligawa tatizo vipande, kurudia shughuli za kila siku na kutafuta watu wa kuegemea. Mwenye mawazo ya kujiua asisubirishwe kikao cha pili. Aonwe na mtaalamu siku hiyo hiyo.

Dodoma tuna Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili, tangu 1927, na bado watu wetu wanaogopa lango lake, kwa sababu jina hilo limegeuzwa tusi mitaani. Asipewe karatasi ya rufaa akaachwa aende mwenyewe, kwani karatasi hiyo itaishia mkobani. Aelezwe mapema kwamba wengi huonwa na kurudi nyumbani, asindikizwe na mtu anayemjua, na barua iwe kwenye bahasha iliyofungwa.

Akishaamua mwenyewe kuongoza, kuna mambo tunayoyaona yakiharibika mara kwa mara. Kumweka manusura mmoja kwenye kamati ya watu kumi na watano ni kumnyamazisha, kwa hiyo wawe angalau wawili, wenye kura. Ajenda ziwafikie wiki moja kabla, kwa Kiswahili. Nauli itumwe kwa simu kabla ya safari, na malipo yawe sawa na ya mshauri mwingine, yatolewe siku ile ile. Mwenye mtoto mchanga alipiwe msaidizi wa kumlea. Asiulizwe mkasa wake. Aulizwe bajeti, mafunzo, mpangilio wa nyumba salama. Akiajiriwa kupokea simu za dharura, asipangiwe zamu za usiku mfululizo, na kila wiki mbili apate saa moja na msimamizi wa ushauri ambaye si bosi wake. Hilo la mwisho ndilo huachwa kwanza fedha zikipungua, na baada ya miezi michache watu husema “hakuwa tayari”. Alikuwa tayari. Aliachwa.

Akikubali kuzungumza hadharani, aone maswali kabla na awe na haki ya kuyafuta. Apigiwe simu kesho yake, baada ya wiki, na baada ya mwezi. La muhimu kuliko yote, akikataa, kitanda chake, ada ya mafunzo ya cherehani na wakili wake visiguswe. Binti anayelala kwenye nyumba yako hawezi kukukatalia kwa uhuru, hivyo anayemwomba ridhaa asiwe yule anayemhudumia.

Kwa gazeti lako, Mhariri, tuna ombi moja. Picha ya kisogo haimfichi mtu ikiwa habari imetaja kijiji, umri na shule, na kijiji kina shule moja. Msivitaje. Hata mtu mzima aliyekubali picha yake itumike anaweza kubadili mawazo akiolewa, akipata kazi, au mwanawe akianza kusoma. Tunaomba kila habari ya namna hii, hasa kwenye tovuti, iwe na namba ya mtu wa chumba cha habari ambaye manusura anaweza kumpigia na kuomba iondolewe, bila kutakiwa kueleza sababu.

Wahudumu wa ushauri nasaha na ustawi wa jamii,
Dodoma.