Barua Kwa Mwanangu: Deni la Vitumbua

Muheza, usiku wa kuamkia safari

Mwanangu,

Assalaam aleikum. Mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu. Ndivyo tulivyofundishwa kuanza barua tulipokuwa darasa la sita, na mwanzo mwingine siujui. Lakini ni uongo mtupu. Uko hapo kitandani unakoroma kama marehemu baba yako, na mimi niko mkekani naandika kwa taa ya simu.

Barua hii naitia ndani ya ndoo, chini ya doti mbili za kanga, juu ya kopo la hiliki. Kwa ninavyokujua, ndoo utaifungua mwisho kabisa, ukishafika kituo chako cha kazi na kupata pa kulala. Vyeti vyako halisi, na kile cha kuzaliwa, nimevifunga kwenye mfuko wa plastiki wa zamani, ule waliotukataza 2019. Nilikuwa nimeuficha mmoja. Umeniambia huko Kigoma, ziwani, mtapanda boti la mbao, na maji hayajui kama hicho ni cheti cha ualimu au gazeti la kufungia karanga. Serikali itanisamehe.

Siku majina ya walimu wa ajira mpya yalipotoka nilikuwa nachuja tui. Ukaja mbio kutoka kwa yule kijana wa kuchapa, umeshika simu juu, unalia, mimi nikajua kuna msiba. Nikakuuliza nani, nani? Ukasema "Mimi, mama. Nimepangiwa." Tui lote likamwagika, na kesho yake wateja wakalalamika vitumbua vikavu.

Miaka sita, mwanangu. Ulimaliza chuo 2019, Daraja la Tatu A, picha ya mahafali ikatundikwa ukutani mpaka jua likaififisha. Ukafundisha twisheni barazani kwetu. Ukaenda kwenye shule moja ya binafsi, wakakulipa miezi mitatu kati ya minane, sitaitaja. Ukajitolea shule ya hapa bila senti. Ukauza vocha. Mtaani wakakubatiza "Mwalimu wa Vocha", na ulikuwa unacheka nao, lakini usiku nilikuwa nasikia unavuta pua. Zamani mtu akimaliza chuo cha ualimu alikuwa anapangiwa shule, anabeba begi anaondoka. Ninyi mmeomba kwenye mfumo wa Sekretarieti ya Ajira, mmerudishwa, mmeomba tena, mmeitwa kwenye usaili mmejaa kama machungwa msimu wa mavuno. Basi yameisha.

Kigoma ni mbali, sitaki kujidanganya. Wilaya ya Uvinza uliyopangiwa naijua kwa chumvi tu, ziwa sijawahi kuliona. Lakini nimeuliza kwa yule Muha anayenunua machungwa hapa sokoni, akaniambia wenyeji wanapenda ugali wa muhogo. Moyo ukatulia. Mtu aliyelelewa kwa bada, ugali wetu wa muhogo, hawezi kufa njaa kwa watu wa muhogo. Mawese uyazoee taratibu, tumbo lako nalijua. Migebuka na dagaa utakula mpaka uchoke. Na watoto wa darasa la kwanza wengi watakuja wanajua Kiha, Kiswahili kidogo. Usiwaone wajinga. Bibi yako aliingia shule na Kibondei chake mdomoni, alikaa wiki nzima hajui mwalimu anamwambia aende wapi.

Sasa nifike kwenye neno lililonikalisha macho.

Mwaka 2011 ulikuwa darasa la sita. Meza yangu ilikuwa nje ya uzio wa shule yenu, chini ya mwembe. Kitumbua shilingi 50, chai ya rangi 100. Nilikuwa na kaunta buku, na kila mwalimu alikuwa na ukurasa wake. Ukitaka kumjua mwalimu usimuulize mwalimu mkuu, muulize muuza vitumbua. Nilijua nani analipa tarehe ile ile ya mshahara, nani analipa nusu, nani akinisalimia kwa sauti kubwa ujue hana kitu.

Mwalimu wenu wa Hisabati unamkumbuka. Mrefu, mkono wa shati wa kulia mweupe kwa chaki kutoka asubuhi mpaka jioni. Dirisha la darasa lenu halikuwa na kioo, nilikuwa nasikia kila kitu. "Robo na robo?" Nanyi mnaitikia, "Nusuuu!" Alikuwa akimtuma mtoto: "Mwalimu anasema umpe vitumbua kumi, uandike." Nikaandika. Kesho kutwa tena, kumi. Nikasema moyoni, mtu huyu tumbo lake lina shimo.

Kufika Septemba deni lilikuwa shilingi 14,600. Mwisho wa mwezi wenzake wakaja kulipa, yeye akapita mlango wa nyuma, njia ya mihogoni. Mwezi uliofuata hivyo hivyo. Nikasikia kwamba alikopa kwa mtu wa mjini mtoto wake alipolazwa, na mkopeshaji amebaki na kadi yake ya benki na namba ya siri. Siku ya mshahara mkopeshaji ndiye aliyekuwa anakwenda benki. Alichokuwa anabakishiwa ni hela ya unga. Leo mnaita kausha damu, wakati ule haikuwa na jina, tulisema tu fulani ameshikwa. Na mtu aliyeshikwa, darasani unakuja mwili tu. Siku nyingine hata mwili haukuja, nikawa nawaona mnacheza mpira tangu saa tatu.

Jumatano moja unga wangu uliharibika na mwenye duka la mchele alikuwa ananidai. Nikaweka beseni chini, nikajifunga kanga kiunoni, nikaingia getini mpaka mlangoni kwa darasa la sita. Hodi sikupiga. Nikasema, "Mwalimu, vitumbua vyangu umekula, hela yangu iko wapi?"

Mmoja akacheka kule nyuma. Kisha darasa zima.

Ubaoni alikuwa amechora duara, amelikata vipande vinne, kimoja amekipaka chaki. Akaiweka chaki juu ya meza polepole, kana kwamba ni yai. Akapangusa mikono. "Ijumaa, mama," akasema. Wewe sikukutazama. Dawati lako nililijua, la pili, upande wa dirishani, na sikulitazama.

Nyumbani ulikula, ukaosha vyombo, ukalala. Hukuniambia kitu siku hiyo wala siku ya pili. Siku ya tatu umekaa kwenye mbuzi unakuna nazi, ukasema bila kuinua kichwa: "Mama, vile vya kumi kumi tulikuwa tunakula sisi. Alikuwa anatukatia."

Nikaenda kwenye kaunta buku nikafungua ukurasa wake. Nikahesabu. Kumi, kumi, kumi, mara kumi na moja. Shilingi 5,500 katika zile 14,600 zilikuwa somo la visehemu.

Ijumaa alilipa. Alimtuma mtoto, hela zimefungwa kwenye karatasi ya daftari, nyingi sarafu, imetimia mpaka ya mwisho. Mezani kwangu hakukanyaga tena. Januari akahamishwa, wengine wakasema Handeni, wengine Kilindi. Mimi sikumwomba radhi. Nilikuwa na wiki nzima ya kwenda hadi ofisi ya walimu, hatua mia hazifiki, sikwenda. Nilijiambia deni ni deni. Na ni kweli deni ni deni, lakini mlango ule haukuwa mahali pake, na wewe ulikuwa ndani. Miaka kumi na nne nimeipita habari hii kama shimo la njiani. Nakuomba radhi wewe uliyekuwa dawati la pili, yeye sijui nimpate wapi.

Uliposema unataka ualimu nilinyamaza siku nzima, ukadhani sitaki. Nilikuwa naliona lile duara ubaoni.

Basi, mambo ya hela, maana hayo nayajua. Mshahara wa kwanza haujali una njaa kiasi gani, unasubiri jina liingie kwenye mfumo. Walimu wapya wa hapa nimewahi kuwakopesha chai miezi miwili wanasubiri. Kwa hiyo kwenye pindo la kanga ya bluu, upande wenye jina, nimeshona shilingi 180,000. Ni zamu yangu ya mchezo wetu wa kuchangishana, imetoka wiki iliyopita. Ukate uzi kwa wembe, usivute, utachana kanga. Hiyo sijaiandika kwenye daftari lolote.

Salari slipu ikija usisome mstari wa juu ukafurahi. Ulinisomea mwenyewe: asilimia 5 PSSSF, mfuko wa pensheni, na mwajiri naye anakuwekea 15, asilimia 3 bima ya afya, asilimia 2 ukiingia Chama cha Walimu, kodi. Kinachobaki chini ndicho chako. Upange chumba kwa hicho, si kwa kile cha juu. Kopa dagaa, kopa unga, kopa hata gauni la sikukuu kwa mama atakayekuamini, wapo kila mahali na mimi ni mmojawapo. Lakini kadi ya benki na namba ya siri usimpe mtu. Atakuja anacheka, ataijua tarehe ya mshahara kabla yako, atakuita "mwalimu wangu". Usimpe hata kwa usiku mmoja. Hata mama yako akipiga simu analia bati linavuja, mwache alie. Nina beseni la kukinga maji.

Mwaka wa kwanza ni wa matazamio, andalio la somo liandike hata siku ambazo hakuna anayelikagua. Fimbo siisemei sana. Ulinieleza kwamba kanuni inampa mwalimu mkuu ruhusa hiyo, au aliyemteua kwa maandishi, na viboko visizidi vinne. Mimi nimekaa nje ya dirisha la shule miaka ishirini na nimesikia vingi zaidi ya vinne. Sikuwahi kusikia hesabu iliyoeleweka baada yake.

Na huko kwenye uzio wa shule yako kutakuwa na mwanamke mwenye beseni. Sijui atakuwa anauza nini, labda mihogo, labda samaki wa kukaanga. Msalimie kabla hujanunua. Ukinunua vya kufundishia, mwambie ni vya kufundishia, aandike hivyo.

Kumekucha. Jogoo wa jirani ameshawika mara mbili na umegeuka upande, nadhani utaamka sasa hivi. Unga umeumuka unataka kutoka kwenye beseni, nikichelewa utachachuka, na wewe lazima upande basi na vitumbua vya moto. Nitakufungia ishirini. Ukipita Segera uvifungue kidogo vipate hewa.

Ni mimi,
mama yako