Wakubwa, tupeni saa moja usiku tuapgredi hizi swichi za neti

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwa gazeti lako niongee na wakubwa wa maofisi, mashule na mahospitali hapa Uganda, maana hii kitu naikuta kila wiki na inaniuma. Mimi ni fundi wa neti, nazunguka Kampala, Jinja, saa zingine nafika mpaka Mbarara. Nikifungua kabati nakuta swichi, kile kisanduku kinachounganisha kompyuta zote za ofisi kwa neti, imejaa vumbi, taa za kijani zinawaka vizuri, lakini nikiangalia famuwea, programu yake ya ndani, ni ileile iliyokuja nayo kwa boksi, hakuna mtu ameigusa tangu inunuliwe. Nikiomba muda wa kuapgredi, yaani kuiwekea toleo jipya la programu hiyo, naambiwa kijana wangu, si inafanya kazi, achana nayo.

Wazee wangu, swichi si kisanduku cha kuchomekea waya tu. Ndani ni kompyuta kamili, ina prosesa, ina memori inayofutika umeme ukikatika, ina flashi isiyofutika, na hapo kwa flashi ndipo inakaa famuwea, yaani programu inayoiambia waya gani ipitishe nini na nani aruhusiwe kuingia kuibadilisha. Programu hiyo imeandikwa na watu na watu hukosea, na kosa lingine linakuwa mlango wazi kwa mtu aliye mbali kabisa.

Tarehe 28 Machi 2018 Cisco, kampuni ya Marekani inayotengeneza swichi, walitangaza shimo kwenye kitu kinaitwa Smart Install, njia ya kuiwekea swichi mpya mipangilio ukiwa mbali, kinachosikiliza poti 4786, yaani mlango wa kwenye programu, wakatoa famuwea ya kuliziba. Mwezi wa nne umeanza tu, watu wakapitia Smart Install hiyohiyo wakafuta konfigi, yaani mipangilio, za swichi kule Iran na Urusi, wakaacha picha ya bendera ya Marekani na onyo kuhusu uchaguzi, Iran peke yake ilisema zake zilikuwa kama 3,500. Na kuifunga hiyo Smart Install ni amri moja tu, no vstack, kwa mtu ambaye haitumii. Halafu Agosti 2025, miaka 7 baadaye, FBI, polisi wa upelelezi wa Marekani, wakatangaza tena kwamba wapelelezi wa Urusi bado wanaingia kwa shimo hilohilo la 2018, kwenye vifaa ambavyo mwenyewe hakuapgredi.

Kuna chuo kimoja niliwahi kuomba saa moja tu, nikanyimwa, wakasema wanafunzi wanajisajili. Swichi yao kubwa ilikuwa imewaka zaidi ya mwaka kwa betri na sola bila kuzimwa. Wiki chache baadaye umeme ukakatika usiku, betri zikaisha, asubuhi swichi ikaamka ikiwa na konfigi ya zamani kabisa, kwa sababu aliyekuwepo kabla yangu alikuwa anaibadilisha kwa memori tu bila kuihifadhi, basi VLAN zote, yaani mgawanyo wa neti kwa vikundi, hakuna, usajili umesimama, mimi nikakaa pale mpaka saa nane usiku naandika upya kwa kukumbuka maana hata bekapu hakuna. Kama ningepewa ile saa ningeliona, kwa sababu kazi ya kuapgredi inaanzia hapo hapo, kuhifadhi konfigi na kuitoa nje ya swichi.

Vijana wenzangu na nyinyi msikimbilie. Soma kwanza maelezo ya toleo jipya, uone kama inabidi upitie toleo la katikati. Angalia nafasi kwa flashi, na toleo la zamani usilifute, swichi nyingi za HP na Aruba zina sehemu mbili kabisa, ya kwanza na ya pili, kwa hiyo mpya inakaa upande mmoja na ya zamani inakungoja upande mwingine. Faili likishaingia linganisha hashi yake, ile namba ndefu inayoonyesha kama faili limefika zima, na ile iliyoandikwa na kampuni kabla hujarebuti, hii hatua watu wanairuka sana, na faili likiwa limekatika njiani utajikuta unalituma upya kwa kebo ya konsoli, waya wa kuchomeka laptopu moja kwa moja kwa swichi, na megabaiti 20 kwa spidi ya biti 9600 kwa sekunde ni karibu masaa 6. Swichi zikiwa zimeunganishwa pamoja kama staki, zikifanya kazi kama moja, zote ziwe na toleo moja. Simu, kamera na waifai zinazokula umeme kutoka kwa swichi zitazima nayo, kwa hiyo askari wa geti aambiwe mapema. Na uwepo mwenyewe mbele ya kabati, UPS, ile betri ya akiba, imejaa.

Najua wengi wataniambia hela ya sapoti hakuna, swichi walinunua yuzdi kutoka Dubai. Kwa Cisco, kama tangazo la usalama limetoka na wewe huna mkataba na aliyekuuzia ameshindwa kukusaidia, unaweza kuwaandikia kitengo chao cha msaada, TAC, ukatoa siriali namba na linki ya lile tangazo, ukaomba famuwea iliyorekebishwa bure. Mafundi wengi hapa kwetu hawajui hilo.

Ninachoomba ni saa moja, Jumamosi usiku, mara mbili kwa mwaka, iandikwe kwa kalenda ya ofisi kama mnavyoandika siku ya kusafisha tangi la maji. Na siriali namba iko kwa stika kwenye kasha la swichi, mwambie fundi wako aichukue Jumatatu aandike kwa daftari pamoja na toleo la famuwea.

Fundi wa neti, Kampala